Deki haina tundu la optikali? Njia tano za kuliongeza, na kila moja inamfaa nani

Deki nyingi za majumbani, za CD, za DVD na hata Blu-ray za bei ya chini, nyuma hazina tundu la optikali, wakati saundiba au risiva uliyonunua inalitaka hilo hilo. Ukiuliza naongezaje, majibu unayopewa hayafanani kabisa. Muuza duka Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, anakupa kiboksi, fundi anakwambia leta nifungue nikufungie, jamaa yako anasema pitisha kwenye TV mbona rahisi, na wote watatu wanaweza kuwa sahihi kutegemea una deki gani na unasikiliza nini. Kwa hiyo naziweka zote hapa bega kwa bega, kwa vigezo vile vile, uchague mwenyewe.

Kwanza tuelewane kinachobebwa ni nini. Ndani ya deki muziki wa CD unasomwa ukiwa namba, biti 16, mara 44,100 kwa sekunde, kwa kila upande wa stereo. Hizo namba zinaenda kwenye chipu inayoitwa DAC ambayo kazi yake ni kuzigeuza ziwe umeme wa sauti, ndo ule unaotoka kwenye RCA nyekundu na nyeupe. Optikali inabeba namba zenyewe kabla hazijageuzwa. Utaratibu wa kuzibeba unaitwa S/PDIF, ni wa Sony na Philips, na unapita sehemu mbili: kwenye waya wa koaksia, ile RCA moja ya peke yake ambayo mara nyingi ina rangi ya chungwa, au kwa mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki, ambayo ndo Toslink, Toshiba waliitoa 1983 kwa ajili ya deki za CD hizi hizi. Namba ni zile zile, barabara tu ndo tofauti.

Faida ya mwanga ni kwamba hakuna umeme unaovuka kutoka deki kwenda kwenye amplifaya. Kama spika zako zina ule mguno wa "mmmm" usioisha, halafu ukichomoa waya wa dishi au ukigusa graundi unapungua, optikali inakata njia ya huo mguno pale inapopita, na kwa nyumba zetu ambazo graundi ya umeme mara nyingi ni ya kubahatisha hilo sio jambo dogo.

Na mipaka yake pia uijue mapema ili usije ukalaumu kifaa. Optikali inabeba stereo kamili isiyobanwa (kwenye menyu inaitwa PCM), au 5.1, yaani sauti ya kuzunguka ya spika sita, iliyobanwa ya Dolby Digital na DTS, basi. Dolby TrueHD na DTS-HD Master za Blu-ray hazipiti, utapata Dolby Digital au DTS ya kawaida. SACD nayo, zile CD za sauti ya hali ya juu, tabaka yake ya DSD yenye hiyo sauti haipiti kwenye S/PDIF, inatoka tabaka ya CD tu kama diski inayo.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiangalia kwa mambo manne. Inataka nini, yaani nyuma ya deki lazima kuwe na tundu gani na utanunua nini. Sauti, yaani namba zinafika kama zilivyo au zimegeuzwa njiani, na kama 5.1 inapita. Kazi na hatari, unahitaji ujuzi gani na nini kinaweza kuharibika. Na mwisho inamfaa nani. Bei sitaki kuzitaja kwa shilingi maana zinabadilika duka kwa duka, ntasema tu ipi nafuu ipi ghali.

Ila kabla hujatoa hela hata kidogo, zunguka nyuma ya risiva uangalie vizuri. Risiva nyingi zenye optikali zina na koaksia pembeni yake. Kama deki yako ina koaksia na risiva ina koaksia, unganisha waya mmoja wa RCA na umemaliza, namba ni zile zile na hamna mtu atakayesikia tofauti. Hata waya maalum huna haja ya kuutafuta, ule wa njano wa video unafaa sana maana waya wa video na koaksia ya S/PDIF zote ni za ohm 75. Sehemu inayobaki hapa inakuhusu kama hilo haliwezekani kwako, au kama umejaribu ukapata mguno.

Njia ya 1: kiboksi cha kugeuza koaksia kuwa optikali

Inataka nini: deki iwe na tundu la koaksia. Deki nyingi za DVD za kichina zinalo, hata zile za bei ya chini kabisa, watu hawalitumii tu kwa sababu hawajui ni la nini. Unanunua kakiboksi kadogo kenye RCA upande mmoja na optikali upande wa pili, kanatumia volti 5, pamoja na waya wa optikali.

Sauti: hapa hakuna kinachopotea. Kiboksi hakigusi namba, kinapokea umeme mdogo wa kama nusu volti kinawasha na kuzima taa nyekundu kwa mpangilio ule ule. Stereo inapita, Dolby Digital inapita, DTS inapita. Ukiona 5.1 haiji, ingia kwenye menyu ya deki sehemu ya sauti, mara nyingi imewekwa PCM, wewe weka RAW au Bitstream, kila deki ina jina lake.

Kazi na hatari: hatari kubwa ni kununua kiboksi cha upande mbaya. Madukani vinavyojaa zaidi ni vya kutoa optikali ya TV kwenda RCA nyekundu na nyeupe, kwa sababu watu wa TV ndo wateja wengi, na vinafanana sana kwa umbo na vya kwetu. Vingine vinapokea optikali vinatoa koaksia, kinyume kabisa na unachotaka. Usisome jina la mbele tu, soma palipoandikwa IN na OUT. Na ukiwa dukani omba wakichomeke kwenye chaja ya simu halafu utazame tundu la optikali ndani: tundu la kutoa linakuwa na wekundu ukiwepo mawimbi, la kupokea linabaki giza. Ukiwa na deki yoyote hapo dukani ya kujaribia ni bora zaidi maana vingine bila mawimbi haviwaki.

Kitu kingine cha umeme: watu wanapenda kukichomeka kwenye USB ya TV. Sawa kwa sinema, ila siku unataka kusikiliza CD tu na TV imezimwa, kiboksi nacho kimezimika. Tafuta chaja yake.

Inamfaa nani: yeyote mwenye koaksia nyuma ya deki, hasa mwenye DVD anayetaka 5.1, au mwenye mguno aliyejaribu koaksia tupu ukamshinda.

Njia ya 2: ekstrakta ya HDMI

Inataka nini: deki yenye HDMI. Unaweka kiboksi katikati, HDMI inaingia kutoka deki, HDMI inatoka kwenda TV, na sauti inachomolewa pembeni kwa optikali. Ni ghali kidogo kuliko cha koaksia na unahitaji waya wa HDMI wa ziada.

Sauti: namba zinachukuliwa kutoka HDMI bila kugeuzwa kuwa analogi, kwa hiyo ni nzuri, lakini hapa kuna kiswichi kinachowatesa watu. Vingi vina swichi yenye nafasi kama tatu, PASS, 2CH na 5.1CH. Deki kabla haijatuma sauti inauliza upande wa pili "unaweza kupokea nini?", na hicho kiswichi ndo kinachojibu. Kikiwa PASS anayejibu ni TV, na TV nyingi zinasema stereo tu, basi deki inatuma stereo hata kama saundiba yako ina uwezo wa 5.1. Kikiwa 5.1CH kiboksi kinajibu chenyewe na deki inaachia Dolby Digital. Ila ukiweka 5.1CH na kifaa chako hakijui kufungua Dolby, utapata kimya au makelele. Yaani asilimia kubwa ya wanaosema kiboksi hiki kibovu, tatizo liko kwenye hiyo swichi na menyu ya deki, sio kiboksi.

Kazi na hatari: hakuna cha kufungua wala kulehemu. Usumbufu ni wa HDCP, ulinzi wa kunakili, vile viboksi vya ovyo vinaweza kukataa na Blu-ray ikakuonyesha giza, kwa hiyo nunua sehemu unayoweza kurudisha. Na kwa diski ya CD tupu ni lazima ukubali kwamba deki zingine haziendi bila TV kuwashwa, maana bila kuona kitu upande wa pili HDMI inanyamaza.

Inamfaa nani: mwenye Blu-ray au DVD ya HDMI isiyo na koaksia, anayetazama zaidi kuliko kusikiliza.

Njia ya 3: pitisha kwenye TV

Inataka nini: deki iunganishwe na TV, na TV iwe na optikali ya kutoa, ambayo TV bapa nyingi zinayo. Hununui chochote zaidi ya waya wa optikali.

Sauti: kwa stereo inatosha. Kwa 5.1 inategemea TV, nyingi zikipokea sauti kutoka HDMI ya nje zinaishusha kuwa stereo kabla ya kuitoa kwenye optikali, zingine zinapitisha Dolby Digital lakini DTS zinaikataa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV utafute sehemu ya kutoa sauti ya dijitali, jaribu PCM kisha jaribu ile nyingine, na uangalie kioo cha risiva kinaandika nini, hiyo ndo hukumu. Na kama deki imeunganishwa TV kwa zile RCA tatu, ujue TV inapokea analogi inaigeuza tena, hiyo inakuwa kama njia ya 4 hapo chini.

Kazi na hatari: sifuri. Kuna wakati mdomo wa mwigizaji na sauti haviendi pamoja, risiva nyingi zina sehemu ya kurekebisha hilo.

Inamfaa nani: mwenye TV yenye optikali ambaye TV yake inawaka muda wote anapotumia deki. Ijaribu hii kwanza kabla ya njia yoyote ya kulipia, hela yako yote iliyo hatarini ni ya waya ambao utauhitaji hata hivyo.

Njia ya 4: kutoka RCA nyekundu na nyeupe

Inataka nini: karibu deki yoyote duniani, hata ya CD ya miaka ya 1980 ambayo nyuma ina RCA mbili tu. Unanunua kiboksi cha kugeuza analogi kuwa dijitali, kinaingiza RCA mbili kinatoa optikali. Na kile cha TV, cha optikali kwenda RCA, ni kinyume, usichanganye.

Sauti: hapa ndo pa kuwa mkweli. Namba zimeshageuzwa na DAC ya deki zikawa umeme, sasa kiboksi kinaupima huo umeme kinatengeneza namba mpya, vingi vinatoa 48,000 kwa sekunde badala ya 44,100 za CD, halafu saundiba nayo inazigeuza tena. Stereo tu, 5.1 hapa haipo kabisa. Je, utasikia ubaya? Kwa saundiba ya sebuleni wengi hawatasikia, na sitaki kumtisha mtu. Kwa risiva nzuri na spika nzuri unaweza ukasikia, hasa kwa sababu moja: deki za CD hutoa mpaka kama volti 2, na viboksi vingine vya bei ya chini vinajaa kabla ya hapo, kwa hiyo sehemu za muziki zenye nguvu, ngoma au tarumbeta za dansi zikiingia kwa pamoja, zinakwaruza. Kama deki ina kitufe cha sauti kwa ajili ya RCA, punguza kidogo uone kama mkwaruzo unaondoka.

Na mguno: optikali inaukata upande wa kwenda kwenye amplifaya, lakini kama umeshaingia kwenye RCA kabla ya kiboksi utarekodiwa pamoja na muziki na kusafirishwa vizuri kabisa.

Kazi na hatari: hakuna. Unachomeka unasikiliza.

Inamfaa nani: mwenye deki isiyo na koaksia wala HDMI, asiyetaka ifunguliwe, na ambaye shida yake ni "saundiba yangu ina optikali tu". Pia kwa mwenye rediokaseti au santuri ya kuunganisha baadaye, kiboksi hiki kitamsaidia huko pia.

Njia ya 5: fungua deki, funga tundu ndani

Hii naieleza kwa kirefu maana ndo naipenda zaidi na ndo inayoelezwa vibaya zaidi mtaani. Watu wanadhani fundi "anatengeneza" dijitali. Hatengenezi, ipo tayari. Chipu nyingi zinazosoma CD na DVD zina pini inayotoa S/PDIF, kiwanda hakikuweka tundu ili kuokoa gharama au kuitofautisha na modeli ya bei ya juu. Kazi yako ni kuifuata ilipo na kuipa taa.

Inataka nini: moduli ya kutoa Toslink, kitu kidogo cheusi kama kidole gumba. Mpya nyingi zina pini tatu tu, graundi, umeme na mawimbi. Ya zamani maarufu, Toshiba TOTX173, ni ya volti 5 na inataka rezista ya kilo-ohm 8.2 kwenda kwenye umeme wake. Kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe karibu kabisa na pini za umeme. Moduli zinapatikana kwenye maduka ya spea, au unang'oa kwenye risiva au deki iliyokufa, ila hakikisha ni ya kutoa, ya kupokea inafanana nayo na haitafanya kazi.

Unapoanzia ni kwenye bodi. Fungua mfuniko, washa taa ya simu, angalia eneo la nyuma karibu na RCA. Kwenye deki za DVD mara nyingi utakuta matundu matatu matupu yamejazwa risasi ya kulehemu na pembeni imeandikwa OPTICAL au SPDIF kwa rangi nyeupe, na kando yake nafasi ya kapasita haina kapasita. Hapo kiwanda kimeshakufanyia kazi yote, nyonya risasi, ingiza moduli na kapasita, toboa ukuta wa nyuma, basi. Wakati mwingine kuna rezista moja ndogo haikuwekwa njiani, fuata mstari wa shaba uone umekatika wapi.

Kwenye deki za CD za zamani unatafuta jina la chipu na karatasi yake ya data. Zile za Philips na ndugu zake zenye DAC ya TDA1541 zikiwa na chipu ya SAA7220, dijitali inatoka pini ya 14. Sony wenye CXD2500 wana pini inaitwa DOUT, na hapo kuna mtego, kuna pini nyingine inaitwa MD2 inayoruhusu au kuzuia hiyo DOUT, ikiwa imefungwa graundi DOUT inakaa kimya, fundi anapima anasema chipu mbovu kumbe imefungwa mdomo. Deki za Philips za mwanzo kabisa zenye TDA1540 hazina hiyo pini, usipoteze muda wako huko.

Kama deki ina koaksia tayari na unataka optikali ndani, chukua mawimbi kabla ya zile rezista zinazoyashusha. Kwenye tundu lenyewe la koaksia yameshashushwa kuwa nusu volti na moduli haitayaona, itabidi uongeze chipu ya 74HCU04 kuyapandisha. Kabla ya rezista yana volti 3.3 au 5, yanaingia kwenye moduli moja kwa moja. Pima kwanza ni ipi kati ya hizo na ununue moduli inayolingana. Waya wa mawimbi uwe mfupi, sentimita chache, na uende pamoja na waya wa graundi. Na usihangaike kama mawimbi yamegeuka juu chini kwa kupita kwenye chipu, S/PDIF imeandikwa kwa namna ambayo kugeuka hakuiathiri.

Ukimaliza, chomeka waya wa optikali, elekeza ncha ya pili kwenye kiganja chako. Doa jekundu dogo linatua kwenye ngozi, linaonekana hata mchana ukiziba mwanga kidogo. Hiyo ni LED, sio leza.

Sauti: sawa kabisa na ya njia ya 1, namba zinatoka kama zilivyosomwa. Kwa DVD, Dolby na DTS zinapita.

Kazi na hatari: hapa ni lazima niseme kwa uzito. Deki za DVD zenye pawasaplai ya swichi zina kapasita kubwa upande wa umeme wa ukutani, inakaa na kama volti 325 DC, na ukichomoa waya haipotei papo hapo. Chomoa, subiri, halafu pima kwa multimita kabla kidole hakijaingia. Usiwashe deki ikiwa wazi na kutazama jicho la leza, leza ya CD ni ya nanomita 780, huioni vizuri lakini inaumiza jicho. Umeme wa moduli uchukue kwenye mstari wa volti unaolingana na karatasi yake, ukikosea unaua moduli na unaweza kuivuta pawasaplai nzima. Pini za chipu hizi ziko karibu karibu, ncha ya kulehemu nene itaunganisha mbili na deki haitasoma diski tena. Na kama deki bado ina waranti, imeshaondoka.

Ukimpelekea fundi, mpe karatasi ya data ya chipu mkononi, sio maneno. Fundi mzuri wa redio ataifanya bila wasiwasi akishaona pini iko wapi, asiyejua atakwambia haiwezekani au ataanza kugusa gusa. Mkubaliane pia tundu linatobolewa wapi, na aweke moduli kwa skrubu au gundi imara, maana kila unapochomeka waya unasukuma.

Inamfaa nani: mwenye deki nzuri ya CD ya zamani anayoipenda na anataka kuitumia na DAC ya kisasa ya nje (kiboksi kinachofanya kazi ya ile chipu) au risiva, na mwenye DVD yenye matundu tayari kwenye bodi. Pia anayechukia viboksi na adapta zinazoning'inia nyuma ya kabati.

Mambo ya pamoja kwa njia zote

Waya wa optikali mpya unakuja na vikofia vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha, vitoe, nyaya nyingi zinarudishwa dukani kwa sababu hiyo tu. Usiukunje kona kali nyuma ya kabati, uzi wa ndani ukivunjika mwanga unakuwa hafifu. Mita 5 ni salama, zaidi ya 10 usitegemee. Rimoti ya deki haitapunguza sauti tena kwenye dijitali, sauti utaipunguza kwenye risiva au saundiba. Na ukisikia makelele kama ya redio isiyo na stesheni badala ya muziki, usiongeze sauti, zima, maana mara nyingi ni DTS inayofika kwenye kifaa kisichoijua, rudi kwenye menyu uweke PCM.

Sasa wewe uko wapi?

Una DVD yenye tundu la chungwa nyuma na saundiba ya optikali: kiboksi cha njia ya 1, na hakikisha IN ni koaksia.

Una DVD au Blu-ray ya HDMI, TV ina optikali: anza na TV. Ukiona kioo kinaandika stereo wakati filamu ni 5.1 na hilo linakuuma, hapo ndo ununue ekstrakta, weka swichi kwenye 5.1CH.

Una CD ya zamani yenye RCA mbili tu na saundiba ya kawaida: njia ya 4 inakutosha, deki usiiguse.

Una CD ya zamani na umetafuta DAC nzuri au risiva nzuri: soma majina ya chipu kwanza. Pini ipo, mtafute fundi. Pini haipo, ibakie analogi, RCA nzuri kwenda kwenye risiva ni bora kuliko kuigeuza mara tatu.

Una mguno na ndo sababu unataka optikali: njia ya 1 au ya 5, ya 4 weka mwisho.

Hela ni ndogo na deki yenyewe sio kitu cha kukuumiza: tafuta PlayStation 2 au 3 iliyotumika, zote zina optikali nyuma na zinasoma CD na DVD, pengine iko kwa shemeji yako kabatini. Na ukiamua kununua deki ya mtumba yenye optikali kutoka Japani, geuza usome nyuma kabla hujachomeka, za huko ni za volti 100 na ukutani kwetu ni 230 au 240, utahitaji transfoma ya kushusha.